Jinsi ya Kupigwa Vizuri

Anza na nguruwe mwitu. Fungua Age of Empires II, chukua mwanakijiji mmoja, mtume porini akamchokoze nguruwe kwa mshale, halafu msahau uende ukajenge nyumba. Ukirudi utakuta maiti ya mtu wako, na nguruwe amesimama pembeni akisubiri umletee mwingine. Hujafika dakika ya tano, adui hajajua hata unakaa upande gani wa ramani, na tayari umeshapigwa na kitoweo chako.

Nakupongeza kwa moyo wote. Hicho ni kipigo cha daraja la kwanza. Unajua nani kakupiga, unajua kwa nini, na unajua la kufanya kesho: yule mwanakijiji akishafyatua mshale akimbie mara moja kuelekea jengo kuu, wenzake wawe wanamsubiri pale, nguruwe aje afie mlangoni. Ana chakula 340 mwilini, kondoo ana 100 tu. Huwezi kumwacha porini eti kwa sababu ana meno.

Nimecheza gemu za mikakati na za mapigano tangu enzi za kompyuta zenye kisogo kama televisheni ya zamani, kwanza kwenye steshenari ya mjomba wangu mjini Tanga, jioni, wateja wa kuchapa barua wakishaondoka. Kwa miaka yote hiyo nimefikia hukumu moja ambayo sijaona sababu ya kuibadili: gemu ipimwe kwa jinsi inavyokupiga. Kushinda ni kutamu popote pale. Lakini anayecheza kwa dhati hula kichapo mara nyingi, na vichapo havifanani. Kuna kinachokuacha na akili zaidi ya uliyokuja nayo, na kuna kinachokuacha na hasira tu. Mwongozo huu ni wa kukusaidia kuchagua.

Tubaki kidogo kwenye Age of Empires II, maana sijaona shule iliyo bora kuliko hii. Ilitengenezwa na Ensemble Studios ya Dallas, Marekani, ikatoka mwaka 1999. Toleo lililofanyiwa ukarabati mkubwa likaja 2019, na watu bado wanapigana humo kila siku. Ukitaka kupigwa vizuri, liache jengo kuu likae bure. Jengo hilo lina uwezo wa kutoa mwanakijiji mmoja kila sekunde 25, kwa chakula 50. Ukipumbaa dakika tano unamzungusha mpelelezi wako kwenye ramani kutazama maziwa na misitu, umepoteza watu 12. Hawatakudai leo. Watakudai dakika ya 20, mwenzio atakapotokea na wapanda farasi kumi waliovaa chuma, na wewe ndiyo kwanza unahesabu mbao za kujengea kambi. Utapiga kelele kwamba farasi wake ni wengi mno. Ndugu yangu, ulishapigwa dakika ya nne. Farasi wamekuja kukupa taarifa.

Njia ya pili ni kuwa na jeshi la aina moja kwa sababu unalipenda. Wengi tulianza hivyo. Mtu anapenda wapiga mishale, basi anatengeneza wapiga mishale 40, wanapendeza wakitembea kwa mstari. Anakuja mwenzake na vijana wa mikuki ya kurusha, ambao hawagharimu hata chembe ya dhahabu, anawafagia wote. Gemu hii imejengwa juu ya kanuni ambayo mtoto anaielewa: mkuki mrefu humuua farasi, farasi humkimbiza mrusha mkuki, mrusha mkuki humwonea mpiga mishale, mpiga mishale humtoboa mwenye mkuki mrefu kabla hajamfikia. Hakuna mbabe wa wote. Hata tembo wa vita wa Waajemi, mnyama ambaye ukimwona unadhani mechi imekwisha, humalizwa na mtawa mmoja aliyesimama mbali akiimba na kunyoosha fimbo, mpaka tembo anabadilika rangi na kuanza kukukanyaga wewe uliyemlipia.

Na hapa niseme wazi ninalolipinga. Kuna sheria ya vijiweni isemayo, "Jamani, hakuna kushambuliana mpaka dakika ya 40." Inawekwa kwa nia njema, mgeni asionewe. Matokeo yake kila mtu anajenga ukuta, anafuga kondoo, ananunua kila utaalamu uliopo, anajaza watu 200, halafu saa ikifika majeshi mawili ya kifahari yanakutana katikati. Hiyo ni harusi, si vita. Mgeni hatajua kwamba aliachia jengo kuu likae bure, kwa sababu hakuna aliyekuja kumwonyesha. Mnamnyima mwalimu. Mwacheni apigwe dakika ya 15 akiwa na wanakijiji 18, kisha mkae naye mumwonyeshe alipokosea, na wiki ijayo hamtamtambua.

Command & Conquer: Generals ya 2003 nitaisemea kwa ufupi. Humo kipigo kizuri kinapita kwenye umeme, jambo ambalo kwa msomaji wa kwetu halihitaji maelezo marefu. Ukicheza upande wa Marekani au China, silaha zako kuu za ulinzi zinategemea mitambo ya umeme. Adui mwenye akili hagusi silaha hizo, anapiga mitambo, kila kitu kinazima, anaingia kama mgeni aliyefunguliwa mlango. Kundi la tatu, GLA, halitumii umeme kabisa, linachimba mahandaki na kutokea nyuma ya nyumba yako. Kama mchezo wa mikakati ni safi. Ila picha inayochora ya Waarabu na watu wa Asia ya Kati, kana kwamba hawana kazi nyingine duniani ila ugaidi, ni mbaya na iliniudhi tangu siku ya kwanza. Mtoto akiicheza nyumbani kwako, kaa naye umwambie hivyo.

Sasa risasi.

Aliyecheza Project IGI miaka ile atakuwa ameshaanza kutabasamu. Ilitengenezwa na kampuni ya Norway iitwayo Innerloop, ikatoka mwaka 2000, na kwenye steshenari ya mjomba ilikuwa na foleni yake. Unaitwa Jones, uko peke yako, mbele kuna kambi ya jeshi yenye minara, kamera na king'ora. Na hakuna kuhifadhi katikati ya misheni. Ukifa hatua tatu kabla ya mlango wa kutokea, unarudi kwenye majani yale yale ulikoanzia.

Namna ya kupigwa humo ni kuingia kwa lango kuu ukimimina risasi kama ulivyoona kwenye filamu. King'ora kitalia, askari watamiminika kutoka mabwenini, na ungeua 20 bado kuna wa 21 ambaye analenga kama kipanga. Utakufa mara tatu, nne, tano. Mara ya sita kuna kitu kinabadilika ndani yako. Unalala kwenye kilima na darubini. Unahesabu walinzi. Unafungua ramani ya setilaiti kwenye kompyuta yako ya mkononi, unatazama yule anayezunguka nyuma ya ghala anachukua muda gani kurudi. Unaenda kwanza kuzima kamera. Siku niliyomaliza misheni moja ngumu bila king'ora kulia hata mara moja, watu watatu waliokuwa wakisubiri zamu walipiga makofi, na mjomba akatoka nje kuuliza kuna nini.

Wapo wanaosema kutohifadhi lilikuwa kosa la watengenezaji. Nimelifikiria sana na sikubaliani nao. Uwezo wa kuhifadhi kila hatua humfanya mtu acheze kwa kubahatisha: jaribu, kufa, pakia tena, jaribu upande mwingine. IGI ilikulazimisha kufikiri kabla ya kunyanyua mguu, kwa kuwa mguu ulikuwa na gharama. Kipigo kimoja tu cha IGI hakina faida, nacho ni umeme kukatika dakika ya 35. Hicho hakikufundishi chochote kuhusu kamera wala walinzi. Ukiwa na uwezo nunua UPS kabla hujanunua kipanya cha taa.

Grand Theft Auto: San Andreas, ya 2004, inakupiga kwa treni. Wanaojua wanajua: misheni ile ya kuendesha pikipiki kando ya reli huku mwenzako Big Smoke amekaa nyuma anapiga risasi na hazimpati mtu. Vizazi vimekata tamaa pale, wakaapa kwamba jamaa ni kipofu. Kosa ni la dereva. Wewe unaibana treni kana kwamba unataka kuipanda, yeye anabaki akipiga mabati ya behewa. Sogea mbali kidogo upande wa kulia, mpe nafasi ya kuona juu ya treni, uende sambamba na wale maadui waliosimama juu yake, na utashangaa bunduki ile ile inavyofanya kazi. Ni kipigo cha haki, ila gemu ilipaswa kutoa dokezo mapema, na hapo ndipo ninapoipunguzia alama.

Halafu kuna ile karatasi. Kila mtaa ulikuwa na mtu mwenye karatasi iliyokunjwa mara nne yenye kodi za San Andreas, na ya kwanza kabisa ilikuwa HESOYAM: afya, fulana ya kuzuia risasi na dola 250,000 kwa mkupuo. Ndiyo kodi pekee niijuayo inayomlipa mlipaji. Siikatazi. Kwa kuzurura mjini na kufurahi na marafiki ni halali yako. Lakini usiitumie ndani ya misheni, kwa sababu itakufikisha mwisho wa hadithi ukiwa hujui kuendesha wala kulenga, na gemu inayofuata haitakuwa na karatasi.

Counter-Strike ni jambo jingine, maana humo anayekupiga ni mtu, na mtu ana mdomo. Ilianza mwaka 1999 kama nyongeza ya gemu ya Half-Life iliyobuniwa na vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe, kabla kampuni ya Valve haijaichukua. Wengi huiona kama gemu ya vidole vyepesi. Mimi naiweka kwenye gemu za mikakati bila kusita, kwa sababu ya pesa. Raundi ya kwanza kila mmoja ana 800. Bunduki ya mdunguzi, AWP, ni 4,750. Njia bora ya kuiangusha timu yako ni kuwa yule mtu anayenunua AWP kila anapozipata hizo pesa huku wenzake wanne wameshika bastola, kisha unakufa nayo kwenye kona ya kwanza na adui anaiokota. Umempa mpinzani moja ya bunduki ghali zaidi kwa fedha ambayo ingewavisha wenzako fulana. Timu ikikubaliana kubana matumizi raundi hii, bana. Ni kama mchango wa shughuli: aliyekubali kikaoni asije siku ya pili na sababu.

Nunua pia kifaa cha kutegulia bomu. Ni 400 tu. Bomu likishawekwa linalipuka baada ya sekunde 40. Bila kifaa unahitaji sekunde kumi kulitegua, ukiwa nacho tano. Nimeshuhudia mechi nyingi zikipotea ndani ya hizo sekunde tano, mchezaji amewamaliza maadui wote, amepiga magoti juu ya bomu, na timu nzima inatazama hesabu ambayo haitatosha. Na ukikimbia, nyayo zako zinasikika. Bonyeza Shift utembee. Zaidi ya yote, ukifa usichukue simu. Utabaki ukitazama kupitia macho ya wenzako mpaka raundi iishe. Hiyo ni nafasi ya bure ya kuona mtu aliyekuzidi anatazama kona ipi kwanza. Wachezaji wengi wa kwetu wanaitupa, kisha wanasingizia mtandao. Mtandao una lawama yake, sikatai: anayecheza kutoka Dar es Salaam au Mombasa mara nyingi seva yake iko Johannesburg, Dubai au Ulaya, na risasi inasafiri mbali. Lakini mtandao haukukutuma ununue AWP.

Wanaouliza kipigo kizuri kuliko vyote cha zama hizi nawaelekeza Elden Ring, ya FromSoftware ya Japani, iliyotoka Februari 2022. Unatoka chini ya ardhi, mlango unafunguka, nchi nzima imetandazwa mbele yako na mti wa dhahabu unang'aa angani. Hatua chache mbele anazunguka mpanda farasi mwenye deraya ya dhahabu. Hajakufanyia kitu. Wewe, kwa kuwa gemu zote zimekuzoesha kwamba kilicho mbele ni cha kupigwa, unamfuata. Anakuua kwa mapigo mawili. Unarudi. Anakuua. Watu wamemaliza usiku mzima pale.

Hakuna aliyekuambia upigane naye. Mpite kwa mbali, nenda kanisani, nenda pwani, kusanya nguvu, urudi baada ya siku tatu umdai. Sijui gemu nyingine inayofundisha kwa uwazi hivi kwamba kukwepa ni uamuzi wa shujaa pia. Na inapokuua haikufichi kitu: adui aliunyanyua mkono wake, ukauona, ukabonyeza kitufe mapema. Ulichokikusanya kinabaki chini pale ulipofia. Ukikifikia tena ni chako, ukifa njiani kimekwenda. Ni gemu ngumu yenye heshima.

Zipo zisizo na heshima hiyo, na hapa wengine tutakosana, kwa sababu naipenda sana Civilization na bado naishitaki. Sid Meier, aliyeanzisha mfululizo huo mwaka 1991, alieleza kwenye mkutano wa watengenezaji gemu huko San Francisco mwaka 2010 kwamba wachezaji hawapokei hesabu ilivyo: mwenye nguvu tatu kwa moja akishindwa hata mara chache huona ameibiwa. Dawa waliyoipata watengenezaji wengi ni kumbembeleza mchezaji kwa siri. XCOM 2 ya 2016, kwenye viwango vya chini, hukuongezea nafasi ya kulenga kimyakimya baada ya kukosa, bila kukuonyesha kwenye namba. Unaamini umekuwa hodari. Ukipanda kiwango msaada unaondolewa, na unapigwa bila kuelewa nini kimebadilika. Huko ni kumlea mtu kwa uongo.

Civilization VI, pia ya 2016, inafanya kinyume chake na ubaya ni ule ule. Ukipanda hadi kiwango cha juu kabisa, adui hapati akili mpya. Anapewa mali. Wewe unaanza na kundi moja la walowezi, yeye anaanza na matatu, pamoja na askari wengi kuliko wako na nyongeza ya uzalishaji. Unapigwa na mjinga tajiri. Utajifunza kumvumilia, utajifunza mbinu za kumnyang'anya, lakini hutajifunza kumzidi kwa fikra, maana fikra hakuletewa. Ndiyo maana nashauri Civilization uicheze na binadamu wenzako, jioni ya Ijumaa, chai ikiwa jikoni.

Naipenda kwa sababu nyingine, nayo niitaje. Wimbo wa ufunguzi wa Civilization IV ya 2005, Baba Yetu wa Christopher Tin, ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, na mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza wa gemu kupata tuzo ya Grammy. Kwenye toleo la sita Zanzibar ni dola-mji, na ukiwa mlezi wake unapata mdalasini na karafuu. Kilwa Kisiwani ni moja ya maajabu ya kujengwa, na haijengwi ila kwenye ardhi tambarare iliyopakana na pwani. Aliyeweka sharti hilo aliisoma Kilwa. Age of Empires II, kwa upendo wote nilionao, haikufika hapo: nyongeza yake ya Afrika ya 2015 ilileta Wahabeshi, Wamali, Waberberi na Wareno, pamoja na kampeni ya Francisco de Almeida, yule yule aliyeivamia Kilwa na kuichoma Mombasa mwaka 1505. Mswahili hakupewa upande wake kwenye nyongeza hiyo. Nawaomba watengenezaji watupe Kilwa, na majahazi yake, na dhahabu ya Sofala, tumsubiri Almeida ufukweni.

Kazi yako usiku wa leo ni ndogo. Age of Empires II ikikutangazia kwamba umeshindwa, usizime kompyuta. Fungua ukurasa wa matokeo, tazama mchoro wa idadi ya watu kwa muda, tafuta mahali mstari wako ulipoanza kulala huku wa mwenzio ukipanda. Andika dakika hiyo kwenye daftari. Kisha mpigie aliyekupiga, mwambie mrudie.